Mashine ya Kaunta na Kiti Kirefu

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, kabla hatujafungua duka, mama mkwe alituita mimi na wifi mbele ya kaunta. Alikuwa kwenye kiti chake kirefu, miguu juu ya kreti la soda. Akasema macho yake yamechoka, magoti yamechoka, na mdomo nao umechoka kututajia bei ya kila kitu, mmoja tangu aolewe, mwingine tangu azaliwe. (Niliyeolewa ni mimi. Aliyezaliwa ni wifi. Tofauti hiyo haachi kunikumbusha.) Sasa basi, atanunua mashine ya kaunta, ile inayosoma vitu na kutoa risiti, kama maduka ya watu. Mimi nikasema Mungu mkubwa! Wifi akasema ni wakati sasa. Huyo kila kitu kwake ni wakati sasa.

Halafu likaja lenyewe. Mama mkwe hataki kuchagua gizani. Kila mmoja wetu alete wakala wake na mashine yake. Jumamosi zitajaribiwa mbele ya wateja. Mashine itakayomridhisha, aliyeileta ndiye atakayekaa kiti cha mbele. Mwingine ataingia stoo.

Daftari langu, wewe unajua. Miaka kumi na tisa niko stoo. Nafungua gunia la sukari, napima robo robo, nusu nusu, nafunga mifuko. Nikimaliza sukari, mchele. Nikimaliza mchele, maharage. Kisha kunde, kisha dengu, kisha sukari imekwisha mbele, turudi mwanzo. Mizani yenyewe ilikufa miaka saba iliyopita, napima kwa kopo la bati na mkono. Ukuta wa stoo naujua kuliko uso wa mume wangu.

Na kile kiti! Aliyekaa pale anaona barabara yote. Nani kanunua viatu vipya, nani kagombana na nani, nani anapita upande wa pili ili asisalimiwe. Mimi habari zote hunifikia zikiwa zimepoa.

Jioni nilimweleza baba watoto. Yeye ni fundi viatu na huongea misumari ikiwa mdomoni, kwa hiyo huongea kidogo. Leo akaitoa misumari yote, mmoja mmoja, akaipanga juu ya meza. Akasema, mama watoto, nakuomba, usianze. Nikamuuliza nisianze nini. Akasema lolote.

Nimesali. Nimeomba kiti, lakini kwa unyenyekevu.


Jumanne, 10 Juni

Nimeona! Macho yangu haya yameona!

Nilikwenda kufanya upelelezi kwenye duka kubwa la mtaa wa pili. Nikavaa gauni langu la ibada ili nionekane mteja wa maana. Nikachukua kiberiti kimoja, nikapanga foleni.

Binti wa kaunta hakukiangalia hata kidogo. Alikipitisha tu juu ya kioo. Ndani ya kioo kukawaka mwanga mwekundu, mwembamba kama uzi. Ti! Basi. Kioo kile hakijawahi kukutana na kiberiti changu, lakini kilijua jina lake, kilijua bei yake, na kikaandika yote mawili kwenye karatasi iliyotoka yenyewe mdomoni mwa mashine. Nywele za mkono zilinisimama. Nikawaza, ikiwa kioo kilichotengenezwa na binadamu kinajua hivi, huyo aliyemuumba binadamu anajua kiasi gani? Nikakumbuka mambo mawili matatu niliyomsema wifi. Nikatubu palepale, kati ya maziwa na dawa za mbu.

Nikarudi kununua kiberiti cha pili. Ti! Machozi yakanilengalenga. Nikarudi cha tatu, kwa foleni nyingine, nione kama nayo inajua. Inajua!

Binti akanionyesha ile siri. Chini ya kila kitu kuna mistari myeusi, mingine minene, mingine myembamba. Mashine husoma mistari. Nikamuuliza nani anaielewa mistari hiyo. Akasema hakuna, mama, ni mashine tu. Hakuna! Maandishi ambayo hakuna mtu anayeyasoma, na yapo hata kwenye dawa ya meno.

Kwenye kiberiti cha nne mlinzi akanisogelea. Akaniuliza, mama, umepoteza kitu? Nikamwambia sijapoteza, nimepata. Akanisindikiza hadi mlangoni kwa heshima sana.

Lakini namba ya simu ya wakala ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa mashine, na nilikwisha kuikariri. Nimempigia. Kesho anakuja. Wifi bado anaulizauliza watu. Pole yake.


Jumatano, 11 Juni

Wakala wangu amekuja. Kavaa tai nyekundu ndefu inayofika chini ya mkanda, kwa hiyo humu nitamwita Bwana Tai. Alishuka na watu wawili wa kubeba, na waliingia kwa ubavu maana mashine ni pana kuliko mlango.

Sijui nielezeje. Ina nyuso mbili! Mmoja unamtazama muuzaji, mwingine unamtazama mnunuzi. Ina kioo cha mwanga mwekundu. Ina droo ya chuma inayoruka nje bila kuguswa. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake wakati inaruka. Ikamgonga tumboni, akasema toba! Bwana Tai akaomba radhi, akasema hiyo ni kasi, mama, wengine hawana kasi hiyo.

Na inasema! Bwana Tai alipitisha pakiti ya chumvi kwenye mwanga, na mashine ikatamka kwa sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri: Chumvi. Nikaketi kwenye gunia. Akapitisha sabuni. Sabuni. Akapitisha dawa ya meno. Dawa ya meno! Jina lote, bila kukosea. Nikasema kwa nguvu kwamba hii si mashine, hii ni neema. Mama mkwe akajipapasa tumbo, akasema neema ipunguze sauti, kichwa kinamuuma. Bwana Tai akaizima sauti.

Ndipo wifi, aliyekuwa kaegemea rafu mikono kifuani, akauliza kwa ile sauti yake ya upole wenye miiba. Sukari ya robo nayo itaisomaje? Bwana Tai akacheka, akasema sukari huja kwenye pakiti, dada. Wifi akasema hapa huja kwenye gunia, kaka. Na kunde huja kwenye gunia, na mchele, na dengu, na wateja wetu hawanunui gunia. Bwana Tai akaishika tai yake. Akasema mashine inasoma chochote, mradi kina mistari.

Wifi akanitazama. Nikajibu kabla sijajua nitajibu nini. Nikasema mistari si tatizo, wifi yangu. Ikifika Jumamosi kila mfuko utakuwa na mistari yake.

Sikudanganya. Ile ilikuwa imani.

Bwana Tai kaiacha mashine tuizoee. Duka likiwa halina mtu huwa naisogelea, najitazama kwenye nyuso zake mbili.


Alhamisi, 12 Juni

Leo nimecheka hadi nikajiombea msamaha.

Wakala wa wifi kaja. Binti mwembamba mwenye miwani mikubwa. Hakuwa na wabebaji. Kafika na mfuko wa mkononi, na ndani ya mfuko ndimo ilimokuwa mashine! Kisinia cha chuma, bapa, juu yake kioo kidogo cha namba, ubavuni kijipengo cha kutolea karatasi. Mizani tu! Haina droo, haina mwanga, haina sauti. Uso ni mmoja, tena mdogo. Binti wa Miwani akasema hii ni mashine ya duka la kupima, unaweka kitu juu, unabonyeza jina, inatoa stika. Mama mkwe akasema hm. Nikasema na mimi hm, lakini yangu ilikuwa na kicheko, kikaponyoka. Wifi akanikata jicho. Nikajifanya napiga chafya.

Sasa sikiliza nilivyoamka na akili leo.

Mistari haisomwi na mtu yeyote, binti wa duka kubwa alikwisha kuniambia. Ni kibali tu cha kupita. Mashine ikiona mistari inafumbua macho, inatazama kilicho nyuma yake. Kwa hiyo ninachohitaji ni mistari, tena mizuri. Nikazunguka rafu zote kuitafuta iliyokolea. Ya sabuni imepauka. Ya majani ya chai imekunjwa. Ya pakiti ya chumvi ndiyo bora, myeusi ti, minene, imesimama wima. Nikaichukua pakiti hiyo hadi kwa mtu wa fotokopi, nikamwambia anitolee mistari hiyo tu, mara mia mbili. Akauliza ya nini. Nikasema ya vyakula vyote. Akanitazama kwa muda, akasema mama wewe umekwenda mbali.

Mchana kutwa nimo stoo na mkasi na gundi. Mistari kwenye mifuko ya sukari. Mistari kwenye mchele. Kwenye maharage, kunde, dengu. Hata mayai, moja moja, nikiyapuliza yakauke. Vidole vimegandana, nimekula ndizi kwa kuishika na viganja.

Alasiri, wifi alipokwenda kumpeleka mama mkwe kwa daktari wa macho, nikauchukua mfuko wa kunde, nikaupitisha kwenye mwanga. Ti!

Imekubali! Kitu nilichokitengeneza kwa mkasi! Sauti ilikuwa bado imezimwa na maandishi ya kioo ni madogo kama mayai ya chawa, na miwani yangu ilikuwa nyumbani. Lakini ti ni ti. Niliinama palepale kaunta nikamshukuru Mungu. Mteja akaingia, akaniuliza kama nimeangusha kitu.


Ijumaa, 13 Juni

Nimefunga leo. Chai tu asubuhi, na andazi moja ambalo lilikuwa mkononi kabla sijakumbuka.

Mpango wa pili. Mashine nzuri bila watu wa kuistaajabia ni taa mchana. Nikaenda kwa kikundi chetu cha sala, nikawaomba akina mama waje kesho saa nne, wote, wapange foleni kwenye mashine yangu, na wasifiche furaha yao. Mwenyekiti wetu ana sauti ya kuamsha mtaa. Akauliza kama mashine inaweza kuombewa. Nikasema inaweza. Akauliza na ile nyingine? Nikasema hiyo tuiachie wenyewe.

Niliporudi dukani nikaona mizani ya wifi iko mahali pa wazi mno, inawaziba wapita njia. Nikasogeza mbele yake gunia la maharage. Sikuificha. Nilipanga duka. Wifi akaja, akalisogeza gunia. Nikalirudisha. Akalisogeza. Tulicheza hivyo mara tano, kila mmoja akimtabasamia mwenzake, hadi mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti kama hilo gunia lina mguu.

Wifi ndipo akaniambia ukweli wake. Akasema, wifi, mimi nimezaliwa katika duka hili, nimejifunza kutembea kwa kushika rafu hizi, sijaletwa na mtu. Kiti cha mama ni changu. Nikamjibu kwamba mimi nililetwa, ndiyo, lakini nikaletwa moja kwa moja stoo, na sijatoka. Akaliachia gunia. Kwa dakika moja nilimwona kama dada. Kisha akalisogeza gunia.

Baba watoto kaniuliza usiku huu mpango ukoje. Nikamweleza mistari. Misumari ikabaki mdomoni, ila macho yalimtoka. Akasema kitu, lakini kilikuwa cha misumari, sikukisikia. Nalala na imani.


Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia chooni. Ndipo penye amani.

Saa nne kamili akina mama wakaingia, kumi na wawili, mwenyekiti mbele. Bwana Tai kavaa tai mpya. Binti wa Miwani kasimama na kisinia chake, hana mteja hata mmoja. Mama mkwe akapanda kiti chake, akasema haya, na sauti ifunguliwe, leo kichwa hakimuumi, anataka asikie kila kitu.

Mwenyekiti akaweka mfuko wake wa sukari. Nikaupitisha mwenyewe kwenye mwanga, kwa mikono miwili. Ti!

Chumvi, ikasema mashine.

Mwenyekiti akasema Amina! Nikafikiri nimesikia vibaya. Nikapitisha maharage. Chumvi. Amina, kwa sauti kubwa zaidi. Kunde. Chumvi. Mchele. Chumvi. Nikachukua yai, nikalipitisha polepole ili ilione vizuri. Ikatulia kidogo, kama inafikiri. Nikamwomba Mungu. Chumvi, ikasema, kwa upole uleule.

Mama mmoja akarudisha maharage yake, akasema samahani, daktari kamkataza chumvi kabisa. Aliyemfuata akauliza, kwa hiyo tunalipia nini? Bwana Tai akabandua karatasi moja, akaitazama, akaibandua ya pili, ya tatu. Akauliza nani alifanya hivi. Nikaficha mikono, lakini gundi ilikuwa bado kwenye kucha zangu. Akaninong'oneza kwamba mistari ndiyo jina lenyewe, mama. Mistari ya chumvi inasema chumvi hata ukiibandika kwenye paji la uso wako.

Jina lenyewe! Nikaganda. Kwa aibu, ndiyo, lakini pia kwa mshangao. Kumbe ile mistari ilikuwa inasema wakati wote! Kila pakiti kwenye rafu imekaa hapo inajitaja jina siku nzima, na sisi tunapita hatusikii!

Wifi alikuwa kaziba mdomo kwa mkono, mabega yanacheza. Mama mkwe yeye hakucheka. Akasema, mwanangu, ondoa hizo karatasi, watu wana vyungu jikoni. Akamwita Binti wa Miwani asogeze kisinia.

Nikabandua mifuko yangu, mmoja mmoja, nikiwa nimeinamisha kichwa. Binti akaweka sukari juu ya mizani, kioo kikahesabu gramu. Mia mbili hamsini. Akabonyeza, stika ikatoka. Akaweka mfuko mwingine. Mia mbili hamsini. Kunde. Mia mbili hamsini. Mchele wa nusu. Mia tano. Akaweka sita, saba, nane. Akasita. Akaiondoa mifuko yote, akafuta kisinia kwa kitambaa, akaanza upya. Mia mbili hamsini. Akamuuliza mama mkwe mizani iliyopima mifuko hii iko wapi. Mama mkwe akasema ilikufa.

Mama aliyekatazwa chumvi akataka dengu robo tatu, na robo tatu hatukuwa tumefunga. Wifi akaruka, akashika kopo, akachota. Mia tisa. Akapunguza. Mia sita. Akaongeza, zikamwagika, akaokota. Mia nane na arobaini. Foleni ikaanza kuguna. Mwenyekiti akasema tuombe. Mama mkwe akaniita kwa kidole. Nikachukua kopo, nikachota mara moja, nikatikisa kidogo kama nifanyavyo siku zote, nikamimina.

Mia saba hamsini.

Binti wa Miwani akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Hata wifi aliacha kutabasamu.

Na mimi ndipo nilipoelewa! Mwili wote ulinisisimka. Nikawaambia, mmeiona? Mmeiona mashine hii? Sikumwambia mtu kwamba nataka robo tatu. Niliwaza tu moyoni, na yenyewe ikajua! Ile ya Bwana Tai inajua majina. Hii inajua nia!

Walikuwa wananiangalia mimi. Nadhani nilikuwa nalia.

Kisha nikakumbuka ni mashine ya wifi. Ndiyo maana niko chooni.


Jumapili, 15 Juni

Duka limefungwa. Ibadani nilikaa nyuma, lakini mwenyekiti alinitafuta, akanikumbatia mbele za watu, akasema yai lile hatalisahau.

Baada ya chakula mama mkwe akatuita sebuleni. Baba watoto naye alikuwepo, bila misumari, kwa kuwa ni Jumapili. Mama mkwe akasema atanunua mizani. Wifi akainuka nusu. Nikajikaza kisabuni. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya hongera usiku, ya kuumauma kidogo.

Lakini mama mkwe hakuwa amemaliza. Akasema mizani itakaa mbele, juu ya kaunta, ili mteja aone anachopimiwa. Na atakayekaa nayo kwenye kiti ni mimi. Mimi! Wifi akasema, mama, makubaliano yalikuwa aliyeileta. Mama mkwe akasema anajua makubaliano, ni yeye aliyeyatoa. Akasema anamshukuru kwa mashine, amechagua vizuri kuliko wote. Lakini mashine inanunuliwa, akasema, na mikono ile hainunuliwi. Miaka saba hakuna mteja aliyerudi kulalamika, na yeye alidhani ni kwa sababu wanamwogopa.

Sikuelewa vizuri habari za mikono. Labda alikuwa na maana ya kubonyeza vitufe, maana nina vidole vyembamba.

Wifi hakulia. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja. Kisha akaja akanishika bega, akasema, haya wifi, kaa. Nikataka kumwambia neno jema, nikakosa. Nikamkatia embe.

Baba watoto njiani aliniambia kwamba anaona fahari. Sijui kwa nini, mashine si yake.

Nimeshukuru mara tatu leo. Nimemwombea na wifi, kwa ufupi.


Jumatatu, 16 Juni

Niko juu! Nimekaa kiti cha mbele, daftari liko mapajani chini ya kaunta. Barabara yote ni yangu. Hadi saa tatu nilikuwa nimekwisha kuona viatu vipya jozi mbili na ugomvi mmoja.

Lakini barabara si kitu mbele ya mashine. Kila ninachopima, inakubali. Mteja akisema robo, nachota, ni robo. Akisema nusu, nachota, ni nusu. Haijabisha hata mara moja! Stika inatoka ikiwa na joto kidogo, kama kitu kilicho hai, na juu yake kuna mistari yake yenyewe, ya kweli, na jina: Sukari. Nilibandika moja kwenye jalada la daftari hili. Niliomba ruhusa kwanza.

Kila mteja namweleza. Nawaambia tazameni, naiwazia tu. Mzee mmoja, seremala, akaniuliza kama na yeye anaweza kuiwazia. Nikampa kopo. Akachota, ikasema mia tatu na kumi na tano. Nikamwambia kwa upole achunguze moyo wake.

Sasa kubwa kuliko yote. Saa nane umeme ukakatika. Kioo kikazimika. Foleni ya watu sita. Nikasema Mungu wangu, nitafanyaje? Nikajipa moyo, nikachota hivyo hivyo, mfuko baada ya mfuko, nikiigusa mashine kidogo kwa kiwiko ili isijione imeachwa. Umeme uliporudi, Binti wa Miwani alikuwepo, kaja kuleta karatasi za stika. Akaipima mifuko yote upya. Yote sawasawa.

Inafanya kazi hata bila umeme!

Nikamwambia asiwaambie watu wa bei, wasije wakaipandisha. Binti akatoa simu. Akaniuliza kama anaweza kunipiga picha. Nikamwambia apige mashine.


Jumatano, 18 Juni

Jana sikuandika. Kiti hiki ni kirefu, miguu haifiki chini, ikifika jioni imevimba. Jua la mchana huingia moja kwa moja machoni. Na kila anayepita lazima asalimie, na kila anayesalimia lazima ajibiwe, na anayejibiwa hukumbuka ugonjwa wake. Barabara, ukiitazama siku tatu, ni ileile.

Lakini hilo si la kuandika. La kuandika ni hili. Wifi anaimba.

Anaimba stoo! Tangu jana. Kwanza nilidhani ni redio ya jirani. Leo asubuhi nikatega sikio. Ni yeye, nyimbo za furaha kabisa, beti zote. Mtu kapoteza kiti cha mama yake, kafungiwa na magunia, halafu anaimba? Kuna kitu humo. Kuna kitu nilikaa nacho miaka kumi na tisa nisikione, na yeye kakigundua kwa siku mbili. Nilimuuliza kwa ujanja, wifi, stoo kukoje? Akasema kuzuri tu wifi, kumetulia, kuna ubaridi. Kumetulia! Nimemjua tangu akiwa msichana wa kusukwa nywele. Hasemi hivyo bure. Tena nikaona kaingiza mto. Kachukua na kipande cha zulia!

Nimemweleza baba watoto. Amesimama, amekwenda kukaa nje na viatu vyake.

Nimeomba, na wazo limekuja hapohapo, kwa hiyo najua limetoka wapi. Mama mkwe alinipa kiti kwa sababu mashine inanisikia. Ikiacha kunisikia, atanirudisha stoo mwenyewe bila mimi kuomba, na wifi hatakuwa na la kusema. Kwa hiyo kuanzia kesho nitapima vibaya. Kupima pungufu ni dhambi kubwa, siwezi, kwa hiyo nitazidisha. Mteja akitaka robo, nitampa robo na kitu.

Kitu pekee kinachonitia hofu ni mashine. Inajua nia. Inaweza kunirekebisha. Itabidi nichote huku nikiwaza jambo lingine kabisa.

Nitaanza na kunde.